Tafsida Inapomnyima Majeruhi Tiba

Kijana mmoja niliyemfundisha fonolojia miaka mingi iliyopita, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili, alinijia ofisini mwezi wa Agosti mwaka 2023. Baada ya kuamkuana na kuulizana habari za nyumbani, aliomba ruhusa ya kuufunga mlango, akaketi, kisha akanyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya mgeni. Nilidhani amefikwa na shida ya fedha. Hatimaye akasema: "Mwalimu, nimekuja kukuomba neno." Nilipomwuliza ni neno gani, alinijibu kwamba hilo hasa ndilo asilolijua.

Kisa chake kilikuwa hiki. Mnamo mwaka 2021, akirejea nyumbani kutoka shuleni kwa pikipiki yake, aligongwa na gari kwenye njia panda. Fupanyonga lilivunjika mahali pawili na mrija wa mkojo ukachanika. Madaktari wa hospitali alikopelekwa walifanya kazi yao kwa ustadi: walimtilia mpira wa kupitishia mkojo, wakaiunga mifupa, na baada ya miezi kadhaa wakaushona ule mrija. Leo anatembea bila mkongojo, na ukimwona akifundisha huwezi kujua kwamba aliwahi kulala kitandani karibu nusu mwaka. Jamaa zake walichinja mbuzi kumshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile ya ajali hakuweza tena kukutana na mkewe. Naona nami nimeanza kupiga chenga, kwa hiyo niseme wazi: uume wake haukusimama tena.

Alikuwa amekwenda zahanati mara tatu kwa ajili ya jambo hilo. Mara ya kwanza alimkuta tabibu ambaye ni binti wa umri wa dada yake mdogo. Alipoulizwa anasumbuliwa na nini, alijibu, "Mgongo." Akapewa vidonge vya kutuliza maumivu na dawa ya kuchua. Mara ya pili alijikaza kidogo, akasema, "Kiuno hakina nguvu." Akatumwa kupigwa picha ya uti wa mgongo, na picha ikaonyesha uti usio na kasoro. Mara ya tatu alimpata tabibu mwanamume, makamo yake, akamweleza kwamba mambo ya nyumbani hayaendi vyema tangu ajali. Tabibu huyo alimhurumia, akamshauri apunguze mikopo na amshirikishe mkewe katika matumizi ya mshahara. Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka. Mkewe, alisema, alikuwa ameanza kuamini kwamba ana mwanamke mwingine.

Ningeweza kuwalaumu matabibu hao, lakini nikilitazama jambo hili kwa jicho la mwanaisimu sioni kosa lao kubwa. Katika mazungumzo ya watu wazima wanaojuana, "mgongo" na "kiuno" ni maneno yanayoeleweka vizuri sana. Mzee akimwambia mzee mwenzake kwamba mgongo umemsaliti, hakuna atakayemletea dawa ya kuchua. Maana hiyo, hata hivyo, hutegemea muktadha: rika, jinsia, mahali, mpando wa sauti, tabasamu. Chumba cha daktari kimeuondoa muktadha huo wote. Humo mna meza, faili, na foleni ya watu arobaini nje, na neno "mgongo" humaanisha mgongo. Mgonjwa alisema kwa tafsida. Tabibu akasikia kwa kamusi.

Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikizungumzia ngeli, mitihani na makosa ya watangazaji wetu. Pengine watashangaa leo. Lakini kisa cha mwanafunzi wangu si cha mtu mmoja. Mwaka 2008 serikali iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo bodaboda imekuwa ajira ya vijana wetu na usafiri wa mama mjamzito, mwanafunzi na gunia la viazi. Katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha katika barabara za Kenya, na wanaotumia pikipiki ni miongoni mwa makundi yaliyopoteza watu wengi zaidi. Hiyo ni hesabu ya wafu. Majeruhi ni wengi kuliko hao, na takwimu huwagawa katika walioumia vibaya na walioumia kidogo. Mwendeshaji anayegonga kitu kwa mbele husukumwa kuelekea kwenye usukani, na kitu cha kwanza kukutana na kinena chake ni tangi la petroli. Gazeti likiripoti huandika kwamba alijeruhiwa "sehemu za siri". Kirai hicho hukitumia kila siku nasi huwafundisha wanafunzi wetu kwamba ndicho chenye adabu. Mguu ukivunjika ni jeraha. Sehemu ya siri ikiumia, jeraha lenyewe hugeuka siri.

Niruhusiwe kueleza, kwa lugha ya darasani, jinsi kiungo hiki kinavyofanya kazi, maana masomo yetu ya sayansi aghalabu huishia kwenye mbegu na yai. Ndani ya uume mna nguzo mbili za nyama iliyo kama sifongo, kila moja imezungushiwa utando mgumu. Fikra au mguso unapoziamsha neva, neva hizo huachilia kemikali iitwayo oksidi ya nitriki. Kemikali hiyo husababisha misuli laini iliyomo katika kuta za mishipa ya damu na katika sifongo yenyewe kulegea. Damu huingia kwa wingi, sifongo hujaa, na kujaa huko huzibana vena ndogo dhidi ya ule utando, hivyo damu iliyoingia haitoki upesi. Hakuna mfupa unaonyanyuka wala msuli unaokaza ili kuleta hali hiyo. Chanzo chake ni kulegea. Nawaomba wasomaji walikumbuke hilo, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye neno "nguvu".

Neva zinazohusika ni nyembamba mno, nazo hupita ubavuni mwa tezi dume na kando ya mrija wa mkojo. Mishipa ya damu inayoilisha sifongo nayo hupita karibu na mifupa ya kinena. Fupanyonga linapovunjika, neva hizo zaweza kuvutwa au kukatika, na mishipa hiyo yaweza kupasuka au kuziba. Kwa hiyo mtu aliyeumia namna hiyo ana jeraha la neva, au la mshipa wa damu, au la vyote viwili, na juu yake kuna hofu iliyomwingia siku ya ajali na ambayo huweza kudumu hata mwili ukipona. Korodani ni jambo jingine kabisa. Hizo hutengeneza mbegu na homoni, na korodani moja nzima kwa kawaida hutosha kwa kazi zote mbili. Mtu anaweza kuwa na mbegu zenye afya ilhali uume hausimami, na kinyume chake. Mitaani mambo haya mawili hutajwa kama moja, na majeruhi akasadiki kwamba amekwisha kuwa tasa wakati hakuna aliyempima.

Sasa tuyatazame maneno tuliyo nayo. Lipo "hanithi", lililotoka Kiarabu. Kamusi hulieleza kuwa ni mwanamume asiye na uwezo wa kujamiiana, lakini aghalabu watu hulitumia kama tusi la kumvua mtu heshima yake yote, na sijui mgonjwa atakayejipachika jina hilo mbele ya tabibu. Ipo misemo ya barazani: jongoo hapandi mtungi, jogoo hawiki. Hiyo huchekesha, na ili ichekeshe huhitaji mtu wa tatu asiyekuwapo. Jaribu kuitumia kwa nafsi ya kwanza uone inavyogoma mdomoni.

Limebaki "nguvu za kiume", na hilo ndilo lililotawala. Tembea katika mji wowote wa nchi hii utazame vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme. Mganga hujitangaza kwamba hurudisha mpenzi aliyetoroka, hushinda kesi mahakamani, hurejesha mali iliyoibwa, hupandisha mtu cheo, na huongeza nguvu za kiume. Mwanafunzi wa semantiki apewe orodha hiyo aulizwe: ni sifa gani inayoyaunganisha mambo haya? Atajibu kwamba yote ni mambo ya bahati, uchawi na hila za maadui. Mfupa uliovunjika haumo katika orodha hiyo. Neno lenyewe, kwa kukaa na majirani wa namna hiyo, humwelekeza majeruhi kwa mganga kabla hajafikiri. Naye mganga humuuzia unga usiojulikana umetiwa nini. Wadhibiti wa dawa katika nchi mbalimbali, Marekani ikiwamo, wamepata mara nyingi dawa za hospitalini zikiwa zimefichwa ndani ya vifurushi viitwavyo vya mitishamba. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo waweza kuishusha shinikizo la damu hata akafa.

Fauka ya hayo, neno hilo linaeleza kinyume cha ukweli. Tumeona kwamba kazi hii ni ya kulegea. Mtu anayeambiwa kwamba amepungukiwa na nguvu hujikaza, hujilazimisha, hujipima kila usiku. Na wasiwasi huo huamsha katika mwili hali ile ile inayoibana mishipa. Lugha imempa ushauri mbaya bila yeye kujua.

Tusidhani kwamba Kiswahili peke yake ndicho chenye kasoro. Mwezi wa Desemba mwaka 1992, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani ziliwakusanya wataalamu kulijadili tatizo hili. Neno la Kiingereza lililokuwa likitumiwa hadi siku hizo lina asili ya Kilatini, na maana yake ya msingi ni kukosa nguvu, sawasawa na letu. Wataalamu hao walipendekeza liachwe. Waliona kwamba linachanganya mambo na kwamba linamdhalilisha mtu. Mahali pake waliweka jina linalotaja hitilafu ya kusimama kwa uume, wakalifasiri kuwa ni kushindwa kupata au kudumisha msimamo wa kutosha kwa kujamiiana kunakoridhisha. Zaidi ya miaka 30 imepita. Tumeitafsiri dawa, hatujalitafsiri badiliko hilo la fikra.

Hapa ndipo sarufi inapoingia, na walimu watanivumilia. Katika sentensi "Hana nguvu za kiume", kiima ni mtu. Yeye mzima ndiye anayehukumiwa, na hukumu haina tarehe. Katika sentensi "Uume hausimami tangu nilipoumia", kiima ni kiungo, kitenzi kinaeleza kazi, na kishazi cha "tangu" kinataja wakati na kudokeza sababu. Tabibu anayeisikia ana mahali pa kuanzia. Tofauti hii tunaijua kutokana na mambo mengine: ndiyo iliyotufanya tuache kumwita mtu "kiwete" na kusema kwamba ana ulemavu wa miguu.

Nakiri kwamba sentensi yangu ina mwiba wake. "Uume" ni kiungo, na wakati huo huo ni hali ya kuwa mwanamume. Ukisema hausimami, sikio la Mswahili husikia yote mawili. Wapo watakaopendekeza "dhakari", neno safi la kamusi. Tatizo ni kwamba vijana wengi hawalijui, na hata huko Kiarabuni lilikotoka, asili yake ni "dume". Hatuna pa kukimbilia. Wanaisimu wenzangu wakiachiwa kazi hii wataunda istilahi ya silabi kumi na moja, waipitishe katika kongamano, wale chakula cha mchana, na istilahi ife ndani ya kabrasha. Mimi naridhika na neno linaloeleweka, maadamu kitenzi kimewekwa mahali pake.

Kuliweka jeraha katika kundi lisilo lake si kosa la vibao vya waganga pekee. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika ghasia zilizoingia hadi mwanzoni mwa mwaka 2008, wanaume wa jamii fulani walikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu, na wengine walikatwa uume. Tume ya Jaji Philip Waki iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2008. Kesi mojawapo ya Kenya ilipofika katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, upande wa mashtaka ulitaka matendo hayo yahesabiwe kuwa ukatili wa kingono. Mwezi wa Januari mwaka 2012 majaji walikataa. Walisema kwamba ushahidi haukuonyesha kwamba yalikuwa ya kingono, kwani yalitokana na chuki ya kikabila. Wakayaingiza katika kapu la "matendo mengine yasiyo ya kibinadamu". Sipingi weledi wa majaji katika sheria. Nauliza tu kama mtu wa lugha: mwanamume aliyekatwa kiungo hicho ataiambia nini ndoa yake kuhusu tofauti ya makundi hayo mawili? Kesi yenyewe baadaye ilianguka, na waliojeruhiwa wakabaki vijijini na majeraha yao, wengi bila kutajwa tena.

Na tiba? Ipo, na imekuwapo kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1973, huko Texas, daktari F. Brantley Scott na wenzake walitoa habari za kifaa kinachopandikizwa ndani ya uume na kujazwa maji kwa pampu ndogo. Mwaka 1982 Ronald Virag wa Ufaransa alieleza jinsi sindano ya dawa ndani ya sifongo inavyoweza kuuamsha uume, na mwaka uliofuata Mwingereza Giles Brindley, profesa wa fiziolojia, alijidunga mwenyewe dawa ya aina hiyo kisha akawaonyesha matokeo wanasayansi wenzake waliojaa ukumbini Las Vegas. Huyo hakuhitaji tafsida. Sildenafili, kile kidonge cha buluu, kilianzia katika maabara ya Sandwich, Uingereza, kama dawa ya maumivu ya moyo. Kiliidhinishwa Marekani mwezi wa Machi mwaka 1998. Mwaka huo huo Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa watafiti watatu waliogundua kazi ya oksidi ya nitriki katika mishipa ya damu.

Daktari mwenye kumsikiliza majeruhi kwanza humuuliza maswali: je, uume husimama usingizini au alfajiri? Mwanamume mwenye afya husimamisha mara kadhaa kila usiku bila kujua, na jambo hilo likiendelea baada ya ajali ni dalili kwamba njia za neva na damu hazijafungwa zote. Humpima sukari na shinikizo la damu. Anaweza kumpima mtiririko wa damu kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Humwambia pia jambo ambalo majeruhi wengi hawaambiwi, kwamba neva zilizovutwa bila kukatika hupona polepole, na kwamba baada ya fupanyonga kuvunjika nafuu inaweza kuendelea kuonekana hata mwaka mmoja na nusu au miwili baadaye. Muda huo haumaanishi kukaa bila matibabu. Vidonge hujaribiwa, ingawa huhitaji neva zilizo hai angalau kiasi, kwa sababu kidonge huurefusha ujumbe wa neva, hakiuanzishi. Pale vinaposhindwa, ipo pampu ya kunyonya hewa inayouvuta damu uume, nayo haihitaji neva. Ipo sindano, ambayo mgonjwa hufundishwa kujidunga mwenyewe. Kijana asiye na maradhi mengine, ambaye mshipa wake mmoja umezibwa na ajali, anaweza kufikiriwa kwa upasuaji wa kuunganishiwa mshipa mpya. Kifaa cha kupandikizwa huwa cha mwisho, kwani kikiingia sifongo asilia huharibika na hakuna kurudi nyuma. Na mahali pa ushauri wa kisaikolojia, pamoja na mke, ni tangu mwanzo. Wengi huutaja mwishoni kana kwamba ni wa walioshindikana.

Kwa waliopoteza kiungo chenyewe, habari kubwa ilitoka barani humu humu. Mwezi wa Desemba mwaka 2014, katika Hospitali ya Tygerberg mjini Cape Town, kikosi kilichoongozwa na Profesa André van der Merwe wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilimpandikizia uume kijana wa miaka 21 aliyeupoteza wake kutokana na tohara ya jandoni iliyoharibika. Kazi ilichukua saa tisa. Ilipotangazwa mwezi wa Machi mwaka 2015, kiungo kilikuwa kimerejea kufanya kazi zake zote, upande wa mkojo na upande wa ndoa. Upasuaji wa namna hiyo ni nadra na hautakuwa jibu la mwendeshaji wa bodaboda wa Makueni. Huyo anahitaji swali moja liulizwe kabla hajaruhusiwa kutoka wodini, na kadi yenye tarehe ya kumwona bingwa wa mfumo wa mkojo.

Kwa walimu, yapo mambo matatu ambayo kimya chake hakisubiri miaka miwili, husubiri saa. Uume uliosimama ukipindwa kwa nguvu, utando ule mgumu huweza kupasuka: husikika mlio, uume hulegea papo hapo, huvimba na kubadilika rangi. Huo ni wa kushonwa upesi, na anayekaa nyumbani akikanda kwa maji ya moto hujitafutia kovu, uume uliopinda na kushindwa kusimama baadaye. Pili, uume uliosimama kwa zaidi ya saa nne bila sababu na kwa maumivu si jambo la kuchekea bwenini. Hutokea zaidi kwa vijana wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wako wengi magharibi mwa nchi na Pwani, na kila saa inayopita huua sehemu ya sifongo. Tatu, mvulana anayeshikwa na maumivu makali ya ghafla ya korodani, hata kama hakupigwa na mpira, huenda korodani yake imejisokota. Baada ya saa sita hivi uwezekano wa kuiokoa hupungua sana. Nimewahi kuwa mwalimu wa zamu katika shule ya bweni. Najua mvulana mwenye tatizo kama hilo anavyokuja: anasema anaumwa na tumbo. Na mwalimu humpa soda.

Turudi ofisini kwangu. Tulikaa karibu saa nzima, watu wawili wenye shahada za lugha, tukihangaika na sentensi tatu. Mwishowe aliandika kwa mkono wake: "Niliumia fupanyonga katika ajali mwaka 2021. Tangu siku hiyo uume wangu hausimami. Kabla ya ajali ulikuwa ukisimama." Aliikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati. Wiki iliyofuata alirudi zahanati ile ile, kwa tabibu yule yule binti, akamkabidhi karatasi badala ya kusema. Alisoma, hakucheka, hakuinamisha macho. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Kisha akamwandikia barua ya kwenda kwa bingwa.

Vipimo vilionyesha kwamba damu yafika, na kwamba neva za upande mmoja ziliumia sana. Vidonge vilimsaidia nusu. Sasa anatumia sindano, na mkewe ndiye aliyejifunza kuipima dawa, kwa sababu mkono wa mwenyewe hutetemeka. Alinieleza hayo kwa simu mwezi wa Machi mwaka 2024, bila kupunguza sauti, ingawa nilisikia kengele ya shule nyuma yake.

Simu yenyewe ilikuwa na shughuli nyingine. Kijana mmoja wa steji iliyo karibu na shule yao alikuwa ameanguka na pikipiki, na amepatwa na tatizo lile lile. Huyo hajui Kiswahili cha kutosha na tabibu wa kwao huzungumza naye Kikamba. Mwanafunzi wangu alitaka nimwandikie zile sentensi tatu kwa Kikamba. Nilimwambia kwamba lugha hiyo naijua kijuujuu tu, ni afadhali amwendee mzee anayeijua vyema. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mzee gani, Mwalimu, atakayekubali kunitamkia?"